Wimbo Usiopigwa Tanga

Mwaka 1996 nilisafiri na bendi ya mjomba wangu kwenda Mombasa. Sikuwa mwanamuziki. Kazi yangu ilikuwa kubeba vyombo, kukunja nyaya na kulala karibu na spika ili zisiibiwe. Nilikuwa na miaka 24, sina kazi, na mama alishachoka kuniona nimekaa barazani kutwa. "Mchukue mpwa wako, hata akubebee gitaa," alimwambia mdogo wake. Mjomba akanichukua.

Tulivuka Horohoro mchana, jioni tukawa Mombasa. Nyimbo za bendi ile nilizijua zote kwa kichwa, maana nilikua nikisikia mazoezi yao uani kwetu Ngamiani. Au nilidhani nazijua zote. Usiku, kama saa sita hivi, mjomba aliwageukia wenzake akainua kidole kimoja, na gitaa la solo likaanza kitu ambacho sikuwahi kukisikia maishani. Ukumbi ukachangamka ghafla. Watu waliokuwa wamekaa wakaacha bia zao mezani wakaja mbele. Waliimba neno kwa neno, watu wazima kabisa, wengine wamefumba macho.

Wimbo ulimhusu dada aliyeondoka nyumbani kumfuata mwanamume ng'ambo ya mpaka, akamwacha mtoto kwa bibi. Mwimbaji anamsihi arudi. Mtoto anaamka usiku analia, anauliza mama yuko wapi, sasa sisi tumjibu nini? Kiitikio kilikuwa hicho hicho, swali hilo moja, na watu kama mia tatu walikuwa wakiliuliza kwa pamoja huku wakicheza rumba.

Nilisimama nyuma ya spika na waya mkononi. Nilijua tangu utotoni kwamba mama aliwahi kukaa Mombasa. Kwetu ilisemwa alikwenda kutibiwa, na hakuna aliyewahi kusema alikuwa anaumwa nini. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Sikuhitaji kuambiwa mtoto wa kwenye wimbo ni nani.

Ukiuliza kwa nini wanamuziki wakiwa ziarani hupiga wimbo fulani nchi hii na kuuacha nchi ile, jibu la haraka ni serikali. Na kweli, mara nyingi ni hivyo. Desemba 1978 Boney M walikwenda Moscow wakati wimbo wao wa "Rasputin" ukivuma dunia nzima, na Moscow ndiko ambako haukupigwa. Rolling Stones walipofanya onyesho lao la kwanza China bara, Shanghai, Aprili 2006, walikabidhiwa orodha ya nyimbo tano za kuziacha, "Brown Sugar" ikiwemo. Hapo hakuna fumbo: mwenye nyumba amesema, mgeni ametii.

Lakini kuna makatazo ambayo hayana askari. Israel kwa miaka mingi orkestra zilikwepa kumpiga Wagner hadharani, kwa chuki yake dhidi ya Wayahudi na kwa namna Wanazi walivyomtukuza. Julai 2001, Jerusalem, Daniel Barenboim alimaliza onyesho lake, akawageukia watu akawauliza kama wanataka kumsikia Wagner kama nyongeza. Asiyetaka anaweza kuondoka. Wakabishana ukumbini kama nusu saa. Wengine wakatoka kwa hasira, waliobaki wakasikiliza. Muziki ule ule, Berlin, ungepita bila mtu kunyanyuka kwenye kiti. Noti ni zile zile. Kilichobadilika ni nani amekaa mbele yako na amepitia nini.

Kuna pia sababu nyepesi zaidi, ya tumbo. Mjomba aliwahi kufanya kazi miezi kadhaa kwenye hoteli ya watalii pwani ya Kenya, na kila usiku alipiga "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, wakati mwingine mara mbili. Aliporudi Tanga hakuugusa tena. "Nani Ngamiani nitamwimbia kwamba wageni wanakaribishwa Kenya?" alisema. "Malaika" nao ni hivyo. Miriam Makeba aliuimba mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, hao hao Boney M wakaurekodi mwaka 1981, na kwenye hoteli za pwani umekuwa kama sehemu ya chakula cha jioni. Ukipigwa kwenye harusi ya Kiswahili, watu wanasikia kingine: kijana hana mahari. Mtalii anasikia utamu, sisi tunasikia umaskini.

Wimbo wa mjomba haukuwa kwenye kundi lolote kati ya hayo. Hakuna serikali iliyoukataza, wala haukuwa wa kuwafurahisha wageni. Nilimuuliza ndani ya basi wakati wa kurudi, baada ya kunyamaza mpaka Lungalunga.

"Mjomba, ule wimbo mbona hatuupigi nyumbani?"

Aliniangalia, akaangalia dirishani. "Kwa sababu uliandikiwa Mombasa," akasema.

Nilidhani ananikwepa. Alikuwa ananieleza kitu cha kweli kabisa, na mtu wa rika langu hawezi kukielewa bila kujua santuri zilivyokuwa zikifanya kazi. Siku hizo bendi za Tanzania zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam. Kanda zinabaki redioni, wimbo unapigwa hewani, basi. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho. Ukitaka wimbo wako uwe kitu cha kushika mkononi, unakwenda Nairobi. Ndiyo maana wapo wanamuziki wetu ambao Wakenya wanawajua kwa nyimbo tofauti na tunazozijua sisi, na ndiyo maana ndugu wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walihamia huko mwanzoni mwa miaka ya sabini na Simba Wanyika yao ikawa bendi ya Nairobi. Wimbo wa kanda ulibaki upande huu. Wimbo wa santuri uliishi upande ule, kwenye baa, kwenye majukboksi, kwenye Sauti ya Kenya.

Mama aliondoka mwaka 1975. Mwaka uliofuata mjomba alipata nafasi ya kurekodi Nairobi. Nyimbo nyingine walizokuwa nazo wangeweza kumpa Redio Tanzania. Huu aliupeleka Nairobi kwa makusudi, kwa sababu hakuwa na anwani ya dada yake, ila alijua kwamba popote alipo Mombasa kuna redio inalia. Kwa lugha nyingine, alituma barua. Malipo yalikuwa ya mara moja, na hayakutosha hata gitaa jipya.

Mama alirudi mwishoni mwa 1976. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Nimepiga hesabu hii mara nyingi. Angechelewa miezi michache, huenda ningemwona tena nikiwa na miaka 11.

Baada ya yeye kurudi, wimbo haukuwa na kazi tena upande wetu. Na hapa wasomaji wa riwaya na mashairi mtanielewa: mjomba hakuuficha ili usijulikane. Tanga redio za Mombasa zinasikika vizuri sana. Majirani walikuwa wameusikia, na hawakuwa wajinga. Lakini kusikia redioni ukiwa jikoni kwako ni jambo moja, na kupigiwa ukumbini mbele ya mashoga zako, na mdogo wako ndiye anayeimba, ni jambo jingine. Wazee wetu wanaiita sitara. Kila mtu anajua, na kila mtu anakubali kutojua, ili mwenzao aweze kwenda sokoni bila kuinamisha kichwa. Kenya hapakuwa na haja ya sitara, kwa kuwa dada wa kwenye wimbo hakuwa dada wa mtu yeyote wanayemjua. Wao walikuwa na akina dada zao wa kuwafikiria.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kazi ya sanaa ni moja popote ilipo. Wimbo ule Mombasa ulikuwa wimbo. Tanga ulikuwa maisha ya mtu anayekaanga kisamvu nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mjomba aliuona huo mpaka vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika leo kuhusu mama zetu na kubonyeza "chapisha" bila kuwauliza. Na ndiyo, najisema na mimi mwenyewe. Makala hii nilimsomea mama kwanza. Alisema sawa, ila niondoe jina la yule mwanamume. Nimeliondoa.

Mjomba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Bendi ilimpigia nyimbo zake, ule haukuwemo. Mwaka jana nikaukuta mtandaoni: mtu amenakili santuri kuukuu, ina mikwaruzo kama mvua juu ya bati. Chini yake watu wa Kisumu, Nakuru na wengine walio Uingereza wameandika walikuwa wapi walipoucheza mara ya kwanza. Nilipeleka simu nyumbani. Mama sasa ana zaidi ya miaka sabini. Nilimwambia kuna wimbo wa mjomba nimeupata, nikabonyeza kabla sijakosa ujasiri.

Alisikiliza akiwa anachambua mchele. Ubeti wa kwanza, wa pili. Nikamuuliza kile ambacho sikuwahi kumuuliza: alirudi kwa sababu ya wimbo?

"Nilirudi kwa sababu nilipata nauli," akasema. "Wimbo niliusikia siku nyingi kabla. Nikazima redio."

Kiitikio kikarudi. Mtoto anaamka, analia, anauliza. Mama akasimamisha mkono juu ya ungo.

"Hapo ndipo kaka yako mjomba wako alipokosea," akasema, akichanganya maneno kama anavyofanya siku hizi akiwa na jambo moyoni. "Hukuwa unalia. Nilikuacha umelala."

Akaendelea kuchambua mchele. Nami sikuuzima wimbo mpaka ukaisha.