Nukta ya Nyuzi 140

Mwaka wa pili chuoni tulipima antena ya Yagi ya vyuma vitano nyuma ya karakana. Mmoja alizungusha mlingoti kwa mkono, nyuzi 10 kila mara, mwingine akasoma mita kwa sauti, mimi nikaandika. Vipimo 36 juani. Mtu akikatiza mbele yetu sindano inacheza, tunarudia.

Usiku nikaweka nukta kwenye karatasi ya grafu ya duara, nikaziunganisha kwa rula ya kupinda. Jani kubwa la mbele likatoka safi, kama la kitabuni. Palipokuwa na nukta korofi, mkono ulipita kando kidogo. Kesho yake mwalimu hakulitazama lile jani nililojivunia. Aligeuza karatasi akaangalia nyuma.

“Kijana, nyuzi 140 mlisoma ngapi?”

“Desibeli 24 chini ya kilele, mwalimu.”

“Na mchoro wako unasema ngapi?”

Nikanyamaza.

Baadaye kazini nikajifunza gnuplot, programu ya kuchora grafu, rula nikaisahau kwenye droo. Mkunjo wa kwanza ulikuja na kona mbele kabisa, pale nyuzi 0 na 360 zinapokutana: programu ilidhani data ni kamba yenye ncha mbili, kumbe ni pete. Nikanakili vipimo vitatu vya mwisho nikavitanguliza, na vitatu vya mwanzo nikavipeleka mwisho. Kona ikapotea.

Tamaa ikanishika, nikataka ulaini zaidi. Nilichukua data za chuo, daftari lilikuwepo bado, nikaweka wastani wa vipimo vitatu vitatu. Pale nyuzi 140 vilisimama 12, 24 na 13 chini ya kilele. Wastani ukatoa 16 na ushei. Shimo likajaa! Nguvu iliyokuwa sehemu 1 ya 250 ikawa takriban 1 ya 40, na shimo hilo ndilo fundi hulielekeza kwenye kituo kinachomwingilia. Kosa langu lilelile, safari hii kwa hesabu.

Siku hizi meza ya kupimia inajizungusha yenyewe, nyuzi moja moja, na mstari karibu hauna cha kubuni. Hata hivyo mimi huziacha nukta zionekane chini yake.

Ile karatasi ya chuo ninayo. Nukta ya nyuzi 140 iko ndani, karibu na kitovu, peke yake. Wino wangu umepita mbali nayo.