Rundo la Majani na Nafuu ya Mungu

Wengi wetu usharikani hatujawahi kushika fimbo ya gofu, wala si ajabu. Unaweza kupita Barabara ya Bagamoyo miaka yote, kutoka Mwenge kwenda Tegeta, bila kuingia hata mara moja kwenye uwanja wa Lugalo, ule wenye mashimo 18 ulio chini ya Jeshi letu la Wananchi. Mimi nimeingia kwa sababu ya riziki. Ni kedi, yaani mbeba mikoba ya wachezaji. Kedi hulipwa kwa kubeba, lakini hupendwa kwa kujua kanuni. Kati ya kanuni hizo ipo moja ya takataka, nayo imenisaidia katika maombi yangu kuliko nilivyotegemea.

Uwanja wa gofu hutunzwa kila siku. Watunzaji hufyeka nyasi, hukata matawi yaliyovunjwa na mvua za masika, hufagia, kisha hurundika pembeni. Mpira ukitua ndani ya rundo hilo, mchezaji afanyeje? Kanuni inasema kwamba majani au matawi yaliyorundikwa ili yaje kuondolewa huhesabiwa sawa na ardhi iliyo kwenye matengenezo. Mchezaji anapewa nafuu bila adhabu. Anatafuta mahali pa karibu ambapo rundo halimsumbui, anapima urefu wa fimbo moja, anaudondosha mpira kutoka usawa wa goti, anaendelea. Lakini takataka zilizoachwa tu, ambazo mtunzaji hana nia ya kuziondoa, hazimpi nafuu hiyo, isipokuwa kamati iwe imetangaza hivyo.

Hapo ndipo penye ugumu. Marundo mawili yanaweza kufanana kabisa kwa macho. Tofauti yake ni nia ya mtunzaji, na nia haionekani. Inabidi kuuliza.

Wazo hili ni la kale. Mwaka 1744, huko Leith karibu na Edinburgh, Scotland, wachezaji waliandika kanuni 13, za zamani kuliko zote zinazojulikana. Mojawapo ilieleza kwamba mtaro uliochimbwa kwa ajili ya kuutunza uwanja usihesabiwe kuwa kikwazo, na vivyo hivyo mistari ya askari. Mpira utolewe humo, mtu acheze. Mimi ninayefanya kazi kwenye uwanja wa jeshi, hao askari walinichekesha. Lakini maana yake ni nzito: mchezaji asiadhibiwe kwa sababu ya kazi ya kuutengeneza uwanja.

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tunalielewa jambo hili hata bila gofu. Mtaro wa mtaa ukizibuliwa, iwe Kawe au Mbagala, tope huwekwa kando ya barabara. Gari likija kulichukua, ule ulikuwa usafi. Lisipokuja, mvua inalirudisha mtaroni. Siku ya kwanza, unapopita umeziba pua, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Mwaka juzi mke wangu alipata kiharusi. Miguu ilirudi, na maneno yalirudi. Mkono wa kulia haukurudi. Yeye ni fundi cherehani, na ada za watoto wetu zilitoka kwenye mkono huo kuliko kwenye mabega yangu. Wapendwa walikuja kutuona, nami nawashukuru. Wengine walimwambia, "Mama, amini tu, Bwana analiondoa hili." Wengine walisema kwa upole, "Mshukuru Mungu kwa uhai, hayo mengine yapokee." Wote walisema kwa upendo. Lakini wote walikuwa wameshaamua nia ya Mtunzaji ni ipi. Wa kwanza waliona rundo linalosubiri kuchukuliwa, wa pili waliona rundo lililoachwa.

Usiku mmoja aliniuliza, "Baba watoto, hivi Mungu ana mpango na huu mkono, au ndiyo basi?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Nilichopata ni ruhusa ya kuuliza. Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anaeleza kuwa aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Hakujiamulia mwenyewe. Alimwendea mwenye uwanja akamuuliza, tena na tena, mpaka akajibiwa, na jibu lilikuwa neema badala ya kuondolewa. Katika mfano wa magugu, Mathayo 13, watumwa nao walimuuliza bwana wao kama wakang'oe, naye akawaambia wayaache hadi mavuno. Kuuliza si ukosefu wa imani. Anayeuliza anakiri kwamba uwanja una mwenyewe.

Lakini kanuni ya gofu ina upande mwingine, na huo ndio uliotuinua. Majani, matawi na mawe yaliyolala tu, ambayo hayakuota wala kushikamana na ardhi, yanaitwa vikwazo vinavyoondoleka. Hayo, awe mtunzaji ana nia ya kuyachukua au hana, unaruhusiwa kuinama na kuyaondoa mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa mkono au kwa mguu. Sharti ni uangalifu: ukisababisha mpira usogee, nje ya grini na pale pa kuanzia, unaurudisha ulipokuwa na unaongezewa mkwaju mmoja. Na kilichoota huking'oi.

Kwa hiyo hatujui nia, lakini hatukufungwa mikono. Kila asubuhi, kabla sijatoka, mke wangu hukaa mkekani na ungo wa maharage. Kwa mkono wa kulia huokota punje moja, huipeleka kwenye bakuli, hurudi kuokota nyingine. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyemfundisha. Mwanzoni punje tano zilimtoa jasho. Sasa bakuli linafunikwa chini. Kushona bado.

Na yako mawe ambayo mtu hawezi kuyaondoa peke yake. Mwaka 1999, kwenye mashindano ya Phoenix Open huko Arizona, Marekani, mpira wa Tiger Woods ulisimama nyuma ya jiwe kubwa mno. Mwamuzi alikubali kwamba nalo ni kikwazo kinachoondoleka, na watazamaji wakajitokeza wakalisukuma. Kanuni haikuwakataza. Nami hukumbuka kaburi la Lazaro: Bwana, aliyekuwa na uwezo wa kumwita mfu atoke, aliwaachia watu waliosimama pale kazi ya kuliondoa jiwe. Mama mmoja wa jumuiya yetu huja kila Jumatano kumkatia mke wangu vitambaa na kukanyaga cherehani, huku mwenyewe akimwelekeza mshono. Hajawahi kutuambia Mungu amekusudia nini. Analisukuma jiwe.

Jambo moja zaidi. Nafuu ya gofu haikusogezi karibu na shimo. Inakuondolea kinachokuzuia, kisha mkwaju unabaki kuupiga wewe. Ada bado zinadaiwa, kodi ya nyumba bado ni ile ile. Neema tuliyopewa ni kuweza kucheza kutoka hapa tulipo.

Basi, ndugu yangu, ukienda kumtazama mgonjwa au mfiwa wiki hii, usimtangazie nia ya Mtunzaji. Muulizeni pamoja, hata mara ya tatu, hata ya thelathini. Na kabla hujaaga, tazama kama kuna jani moja unaloweza kuinama ukaliokota.