Nyumbu Wana Marafiki Toronto

Ndugu zangu wa Tarime na Serengeti,

Huku Toronto habari za kwetu huingia kwa milango miwili: wa hifadhi na wa dhahabu. Mwaka 2011 yote miwili ilikuwa wazi kwa wakati mmoja.

Mei 16 polisi waliua watu wasiopungua watano Nyamongo, baada ya mamia ya wanavijiji kuingia mgodi wa North Mara kusaka mawe yenye dhahabu. African Barrick Gold, kampuni ya soko la hisa la London, ilitaja wavamizi wapatao 800. Habari nyingi nilizosoma zilikaa kurasa za biashara, na swali lake lilikuwa la mwenye hisa: uzalishaji utasimama? Kwa nini kijana wa Kewanja, kijiji jirani na mgodi, ayafuate mawe ya mabaki huku risasi zinalia, hilo waliliuliza wachache. Nimtendee haki Geoffrey York wa Globe and Mail: yeye alifunga safari hadi Nyamongo, akawasikiliza watu.

Nyumbu, kwa upande wao, walipiganiwa na dunia nzima. Septemba 2010 wanasayansi 27 waliandika katika jarida la Nature kuipinga barabara iliyopangwa kukatiza hifadhi ya Serengeti. Juni 2011 serikali ya Tanzania ikaiarifu UNESCO kwamba kilomita 53 za ndani ya hifadhi hazitawekwa lami. Sibishani nao kuhusu nyumbu. Ila sikumbuki kusoma popote mama wa Mugumu, kwenye njia ya barabara hiyo, akiulizwa mgonjwa wake hufikaje hospitali masika.

Mtasema vyombo vya huku vina ubaguzi. Vinao, lakini zaidi vinamtumikia msomaji wao, ambaye ana picha ya simba ukutani na hisa za mgodi katika mfuko wake wa pensheni, mara nyingi bila hata kujua. Na ajabu ni kwamba mlango huo wa hisa ndio uliowafaa wafiwa na majeruhi. Kwa kuwa African Barrick Gold ilikuwa kampuni ya London, kesi dhidi yake ilifunguliwa huko mwaka 2013, ikamalizwa nje ya mahakama 2015 kwa masharti ya siri. Wengine wakaishtaki Barrick, kampuni mama, hapa Ontario mwaka 2022. Novemba 2024 jaji akaamua shauri hilo ni la kusikilizwa Tanzania.

Akija tena mwandishi kutoka huku, msimwachie msemaji wa mgodi peke yake. Mpitisheni Kewanja, kisha mpandisheni basi la kawaida mpaka Mugumu.