Siku za Mapumziko Nyumbani Kwetu



Mwezi wa Desemba una desturi zake. Shule hufungwa, watoto hurudi na masanduku yao, mabasi hujaa, na nyumba iliyokuwa na mtu mmoja huwa na watu kumi. Mahindi ya vuli yangali shambani, na kazi za kalamu nazo zimelala. Basi watu hukaa. Wazee walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, nasi twataka kusema machache juu ya kukaa huko, maana kuna kukaa kunakomjenga mtu, na kuna kukaa kunakomla.

Neno hili lawahusu hasa waliofiwa. Siku za kazi humsaidia mfiwa kuliko anavyojua mwenyewe: jembe lamwita asubuhi, kuni zamwita jioni, na usiku usingizi wa uchovu wamfunika. Siku za mapumziko hazina msaada huo. Mtu hubaki na mawazo yake tangu kucha hata kuchwa.

Baba yetu alifariki mwezi wa Aprili 2024, wakati wa masika, akiwa na miaka 83. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa milimani Usambara, na jioni alikuwa mwalimu wa kwaya. Tangu mazishi hata Novemba mama yetu alilima, akapalilia, akauza maharage yake sokoni, wala hatukusikia kwamba ameshindwa na jambo. Lakini Desemba ilipofika, nasi sote tulipokusanyika, tuliona ya kuwa amenyamaza. Aliitikia shikamoo za wajukuu, akauliza ni nani hajala, kisha akanyamaza tena. Kiti cha baba kilikuwa mahali pake karibu na dirisha, wala hapakuwa na mtu aliyekikalia.

Tukajiuliza, sisi wanawe: je, yafaa kucheka katika nyumba hii Krismasi hii, au yafaa tukae kimya mpaka tutakapoondoka? Wako waliosema kwamba kimya ndiyo heshima. Wako waliosema kwamba kimya cha watu kumi ndani ya vyumba vitatu ni mzigo mzito wa kumtwika mjane. Hatukupatana. Mambo matatu yaliyotusaidia hayakutoka katika shauri letu hata kidogo. Yalikuja yenyewe, nayo ni daftari, picha za sinema, na paka.

Daftari lilionekana kwanza. Mjukuu mmoja wa miaka 14 alikuwa akitafuta kalamu kabatini, akatoa daftari la babu yake lenye jalada la buluu. Ndani hamkuwa na maneno ya kusomeka, ila herufi d, r, m, f, s, l, t, zimepangwa mistari minne minne, na katikati nukta mbili na vistari. Akadhani ni maandishi ya siri. Tukamwambia kwamba ni nyimbo zilizoandikwa kwa solfa, na kwamba wazee wa makwaya wengi wa nchi hii hawakujua namna nyingine ya kuandika wimbo.

Solfa hiyo ina historia yake. Chanzo chake ni mwanamke wa mji wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, aliyetafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watoto kuimba. Kisha John Curwen, mchungaji aliyeishi tangu 1816 hata 1880, aliichukua njia hiyo, akaitengeneza na kuieneza. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji mistari mitano wala alama za vichwa vyeusi na vyeupe. Mwenye herufi za kawaida aweza kuipiga chapa, na mwenye chaki aweza kuiandika ubaoni. Nukta mbili zatenga pigo na pigo, kistari cha kulala chasema sauti ivutwe, na alama ndogo kando ya herufi yaonyesha kwamba sauti ni ya juu au ya chini. Kwa hiyo ilifika mbali pamoja na vitabu vya nyimbo, mpaka vijiji visivyokuwa na kinanda.

Watoto wakaona ni mchezo mpya. Dada yetu aliyekuwa akijua kidogo akawafundisha kila siku baada ya chakula cha mchana, na katika siku nne walikuwa wakiimba sauti mbili pamoja, kwa makelele mengi na ukweli kiasi. Siku ya tano, walipokuwa wakirudia mstari mmoja, sauti ikatoka jikoni: "Hapo baba yenu alisema fi, si fa." Tukatazama daftari, ndivyo ilivyoandikwa. Lilikuwa neno la kwanza la mama lisilohusu chakula tangu tulipofika.

Lakini daftari hilo lilileta ugomvi pia, na ni haki tuutaje. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa baba mwenyewe, naye hakuumaliza. Sauti tatu zilikuwa kamili. Sauti ya nne, yaani besi, iliishia katikati, ikakosa mistari miwili. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye mwimbaji wa besi, akasema ataijaza, maana wimbo usiokamilika hauimbiki. Mama akasema, "Uacheni." Kaka akanyamaza kwa adabu, walakini uso wake haukunyamaza. Siku mbili walipishana mlangoni bila mazungumzo.

Jambo la pili ni sinema. Kijana wetu mmoja alikuja na kompyuta yenye picha nyingi, na usiku watoto walikaa mbele yake kama kuku mbele ya mtama. Wako wazazi wanaoiogopa sinema, nasi hatusemi kwamba hofu yao haina msingi, maana si kila picha yafaa kwa kila jicho. Lakini yafaa kujua ya kuwa sinema nayo ni mtoto wa majira haya ya Krismasi. Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha Grand Café mjini Paris, picha za ndugu wawili Auguste na Louis Lumière zilionyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio cha faranga moja. Waliolipa walikuwa 33 tu. Waliona picha kumi, kila moja haikutimiza dakika moja: wafanyakazi wakitoka kiwandani, mtoto mchanga akilishwa na wazazi wake, mtunza bustani akirushiwa maji na kijana mtundu. Mambo ya kila siku ya nyumbani na kazini, wala hakuna zaidi.

Na huku kwetu Usambara sinema si mgeni wa jana. Tangu 1935 hata 1937 palikuwa na kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Baraza la Kimataifa la Misioni, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, na makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima hii hii. Walitengeneza picha za mafundisho, kama ile ya benki ya akiba ya posta, wakazizungusha kwa gari katika Afrika ya Mashariki. Sauti haikuwa ndani ya utepe wa picha bali katika sahani za santuri zilizopigwa pamoja nao. Baba alipenda kutuhadithia kwamba baba yake aliwahi kutazama picha juu ya shuka jeupe, na kwamba wako watu waliozunguka nyuma ya shuka kuona wale watu wameingilia wapi.

Basi usiku mmoja kijana wetu akachagua picha ya kale, isiyo na rangi, iitwayo It's a Wonderful Life, ya mwaka 1946, iliyoongozwa na Frank Capra. Ilipotoka haikurudisha gharama zake. Mwaka 1974 haki zake za kunakiliwa hazikufanywa upya, vituo vya televisheni vya Marekani vikawa vyaionyesha kila Krismasi, na hivyo kitu kilichopuuzwa kikawa kipenzi cha nyumba nyingi. Habari yake ni ya mtu aitwaye George Bailey, ambaye tangu ujana alitaka kusafiri na kujenga madaraja makubwa. Kila alipofunga mizigo, jambo likamzuia: baba yake alikufa, mdogo wake alikwenda shule, watu wa mji wakahitaji mkopo wa nyumba. Akabaki katika mji ule ule mdogo. Mkesha wa Krismasi fedha za ofisi, dola 8,000, zikapotea, akatamani asingalizaliwa kamwe. Ndipo akaonyeshwa mji ungalikuwaje bila yeye.

Mjukuu alimfasiria bibi yake maneno, sentensi baada ya sentensi. Sisi tulikuwa na wasiwasi, maana baba yetu naye aliitwa chuoni Dar es Salaam katika ujana wake, akakataa kwa kuwa wadogo zake wanne walikuwa wakisoma kwa mshahara wake. Hakwenda tena. Hatukujua kama ilimwuma. Hakusema, nasi hatukuuliza.

Picha ilipokwisha, mama alikaa kitambo. Kisha akasema, "Kumbe hata Ulaya wapo." Mjukuu akasema, "Ni Marekani, bibi." Akajibu, "Ulaya, Marekani, mimi nasema wapo." Akaanza kutuhadithia habari ya barua ile ya chuo: ilifika siku gani, nani aliileta, na jinsi baba alivyoikunja akaiweka chini ya kinanda cha kanisani mwaka mzima kabla ya kuitupa. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameisikia. Aliendelea mpaka taa ikaanza kufifia. Alicheka mara mbili, akalia mara moja, kisha akatuamuru twende kulala.

Jambo la tatu ni paka. Paka huyu, jike mwenye rangi ya majivu na mistari, alifika wiki mbili baada ya mazishi, akakaa ghalani. Watoto wamempa jina la Karani, kwa sababu hukalia kila karatasi anayoikuta. Jirani mmoja alimnong'oneza mama kwamba paka anayekuja katika nyumba ya msiba si paka bure, na kwamba afukuzwe kwa mawe. Mama alimjibu, "Amefuata panya." Na kweli, ghala lilikuwa na mahindi ya mwaka, na mwaka huo panya hawakula hata gunia moja.

Jibu hilo ndilo jibu la wataalamu pia. Babu wa paka wa nyumbani ni paka pori, ambaye hata leo yumo katika nyika za Afrika ya Mashariki, na yaaminika kwamba alizoeana na watu kwa sababu ya panya waliokuja kula nafaka zao. Mwaka 2004 wachimbaji wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Saiprasi wameona mifupa ya paka aliyezikwa karibu sana na mtu, yapata miaka 9,500 iliyopita. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wake wa asili. Maana yake mtu alimpakia chomboni. Watu waliochukua paka baharini na kumzika kando ya mwenzao hawakumhesabu kuwa mkosi. Na watoto walifurahi kusikia kwamba mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimpiga paka picha za mfululizo akianguka chali, ili aone anavyojigeuza hewani akafika chini kwa miguu. Hivyo paka aliingia katika picha za kwenda kabla ya lile onyesho la Paris.

Kwa wenye paka twaongeza maneno mawili. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake, kwa hiyo mabaki ya karamu yasitupwe mbele yake ovyo. Tena apelekwe kwa mganga wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukizwa. Mtu akiumwa na mnyama wa kushukiwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile asingoje, kwa kuwa dalili zikisha kuonekana ugonjwa huo karibu hauna dawa.

Mkesha wa Krismasi, Karani alipanda juu ya kiti cha karibu na dirisha, akajikunja akalala. Watoto wakatazamana. Mama akasema, "Mwacheni, kiti ni cha kukaliwa." Asubuhi yake kanisani kwaya iliimba wimbo wa baba. Mama na kaka walikuwa wamekwisha kupatana: wimbo uimbwe kama ulivyoandikwa. Ilipofika mistari ile miwili, sauti ya nne ikanyamaza, sauti tatu zikaendelea peke yake. Wageni hawakutambua neno. Sisi tulitambua.

Basi, wasomaji wetu, hatuwapi amri kwa habari ya mapumziko yenu, maana kila nyumba yajua msiba wake na furaha yake. Twasema hili tu: msiogope shughuli ndogo za kujifurahisha katika nyumba yenye huzuni, kwa kuwa mara nyingi mwenye huzuni hana mlango mwingine wa kutokea. Tena wale wazee mlio nao hai, waulizeni Desemba hii. Waulizeni walitaka kwenda wapi wakabaki, na kwa ajili ya nani. Fungueni makabati pamoja nao, wangali na uwezo wa kuwaambia kwamba hapo ni fi, wala si fa.

Kaeni kwa amani, na salamu kwa wote wa nyumbani.