Ndege 1,146

Daftari langu la utafiti lina ukurasa mmoja wenye namba iliyopigwa mstari. Chini ya mstari huo bado inasomeka: 1,146. Niliitunga mwenyewe, nikiwa nimeketi chini ya mvinje, jua likielekea kuzama. Sikuandika 1,150 kwa sababu niliona namba yenye sifuri mwishoni ingetiliwa shaka.

Nilikuwa nahesabu ndege wa pwani kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Mto huu ni wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana. Huko bara huitwa Athi, nyikani huitwa Galana, na unapofika baharini huitwa Sabaki, mwekundu kwa udongo wa mashamba ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Udongo huo hutua mlangoni na kutandaza tope, mchanga na vidimbwi. Nchi ni tambarare kiasi kwamba mtu aliye mbali huonekana kama kijiti kilichochomekwa. Upande mmoja kuna mikoko, na kaskazini kuna vilima vya mchanga.

Pale hutembei na viatu, maana tope litavivua. Unajifunza kusoma ardhi kwa rangi. Tope linalong'aa humeza mguu hadi gotini, lakini lile lililotobolewa na kaa hukubeba. Ukikuta nyayo za kiboko, unapinda njia bila kubishana. Hayo nilifundishwa na mjomba, kaka yake mama, anayevua kamba kwa kimia na ambaye alikubali nilale kwake kwa miezi sita. Siku ya kwanza aliitazama darubini yangu, akauliza, "Mpwa, na hawa ndege ukishawahesabu, unawapeleka wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitaka kujua.

Nikamweleza kwamba wengi wao huja kutoka mbali, kuanzia Agosti, na huondoka kusi inapokaribia. Kuna mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo, uzito wake kama yai la kuku, anayetaga Siberia na kuja hapa kula vidudu vya tope. Kwa mjomba wale wadogo wote ni vitwitwi. Mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda ni sululu, jina moja na chombo cha kuchimbia, na ukimwona akimfukua kaa hutauliza kwa nini.

Kazi yangu ilifuata maji. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kwenye tope lote wakila, na huwezi kuwahesabu. Yakijaa, hukusanyika mahali pakavu kusubiri. Mlangoni palikuwa na fungu la mchanga walilolipenda, na bamvua za kawaida ziliacha mgongo wake mkavu. Nilikuwa nikihesabu kumi, nikilizoesha jicho ukubwa wa kumi, kisha wa mia, halafu nikisogeza darubini mia baada ya mia. Ni makadirio, lakini ni makadirio ya kitu ulichokiona.

Nilipanga hesabu kumi na mbili, moja kila bamvua. Ya kumi na moja iliangukia Machi, wakati ambapo bamvua huwa kubwa kuliko nyingi za mwaka, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maji yalitarajiwa kujaa saa kumi na nusu jioni. Mchana nilikuwa nimekwenda Malindi kuchapisha fomu, na bodaboda iliyonirudisha ikapata pancha kabla ya daraja. Nilipofika mlangoni ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Maji yalikuwa yameanza kurudi. Fungu lilikuwa limechomoza, limelowa, na ndege walikuwa wametawanyika huku na huku kwenye tope.

Ningeweza kuandika kwamba nimechelewa. Lakini niliifikiria grafu yangu na pengo katikati yake, kama jino lililong'oka. Nikachukua hesabu mbili zilizotangulia, nikazijumlisha, nikagawanya kwa mbili, nikaongeza kidogo kwa ajili ya msimu. Ndege 1,146, mahali: fungu la mlangoni. Nikaenda nyumbani nikala wali wa nazi vizuri tu.

Wiki moja baadaye, maji yakiwa mafu, nilikuwa nikitembea nyuma ya mjomba kwenye tope, kimia kikiwa begani mwake.

"Bamvua ile bahari ilikuja na hasira," alisema bila kugeuka. "Fungu lote lilizama. Nikawaonea huruma ndege wako."

"Wakaenda wapi?"

Hapo akageuka. "Kwani wewe hukuwepo?"

Sikujibu. Akaelekeza kidevu kaskazini. "Kule bondeni, nyuma ya vilima. Kwenye nyasi fupi, penye vidimbwi. Walijaa hata nikapita mbali nisiwashtue."

Bonde lile nilikuwa nimelipita mara nyingi. Nililiona kuwa malisho, kwa sababu kila mara nilikuta ng'ombe. Halikuwamo kwenye ramani yangu ya utafiti. Na tangu Januari palikuwa na vigingi vipya vilivyopakwa rangi nyeupe, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayegawa viwanja. Nilivikwepa tu nisijikwae.

Jioni ile sikuweza kula. Nilikuwa nimejiambia kwamba namba yangu ilikuwa karibu na ukweli, kwamba kama ningewahi ningepata kitu kama hicho. Kumbe niliwaweka ndege zaidi ya elfu moja juu ya mchanga uliokuwa chini ya bahari. Yeyote ambaye angesoma tasnifu yangu angeona kwamba hata maji yawe makubwa namna gani, ndege wana fungu lao, na bonde la nyuma ya vilima halimfai ndege hata mmoja. Siku pekee ambayo bonde lile lingeonyesha kazi yake ndiyo siku niliyoitunga.

Nilimwambia mjomba akiwa anashona kimia. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Mimi nikirudi bila kamba, mkaza mjomba wako huliona kapu tupu," alisema. "Hawezi kupika wastani."

Neno wastani alilipata kwangu. Nilikuwa nimelitumia kujitetea.

Asubuhi nilimpigia simu msimamizi wangu. Alinyamaza kwa muda uliotosha kunifanya nifikirie kurudi bara. Kisha akasema niache pengo, na niandike sababu ya pengo. Nisiifute namba, niipige mstari mmoja tu, mtu aweze kusoma kilichokuwapo.

Bamvua iliyofuata, mwanzoni mwa Aprili, tulitoka saa nane mchana. Tulilala kifudifudi juu ya kilima cha mchanga, mjomba akilalamika kwamba umri wake si wa mambo haya. Maji yakapanda polepole. Fungu likawa mgongo, likawa mstari, likapotea. Ndege wakainuka wote kwa pamoja, wakapita juu yetu chini sana, mbawa zikivuma kama mtu anayekung'uta shuka. Wakatua bondeni katikati ya ng'ombe, na ng'ombe hawakushtuka. Inaonekana walikuwa wamezoeana. Baadhi ya wale wadogo wa Siberia walishaanza kugeuka wekundu vifuani, rangi wanayoivaa kwa safari ya kwenda kutaga.

Nilihesabu mara tatu nikapata namba tatu tofauti. Niliziandika zote tatu, pamoja na saa, upepo, idadi ya ng'ombe na idadi ya vigingi.

Usiku niliongeza bonde lile kwenye ramani kwa penseli. Nikamwuliza mjomba linaitwaje.

"Halina jina," alisema. "Sisi tunasema bondeni tu."

Nikaandika hivyo hivyo: Bondeni.