Meno ya kahawia si uchafu

Ndugu zangu wa Kamwokya, tuache kuwacheka wenzetu waliokulia Kakuma eti hawapigi mswaki. Ile rangi ya kahawia kwenye meno imetoka kwa maji, tena maji ambayo ukiyaangalia ni meupe kabisa.

Kakuma iko Turkana, kwenye ukame. Mvua ni kidogo, na ile inayozama inakaa muda mrefu chini kati ya mawe ya volkano. Polepole mawe yanaachia floridi. Jua nalo linakausha maji, chumvi zinabaki. Kalsiamu, ambayo ingeishika floridi, inaganda kuwa chokaa ardhini. Basi floridi inabaki huru ndani ya maji. WHO inasema isipite miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingine vya kule vinapita. Mtoto akiyanywa sana meno yakiwa bado yanajijenga, doa linabaki.

Hapa kwetu tunachemsha maji ya chemchemi juu ya vijidudu, na ni sawa. Lakini floridi haifi kwa moto. Ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki, inazidi kukolea.

Kwa hiyo mwenye meno hayo asifunike mdomo akicheka. Hakukosa usafi; alikunywa maji yaliyokuwepo.