Dhoruba zisizo na jina: Kutoka Tinde hadi Geita msimu wa mvua

Basi linalotoka Shinyanga mjini kwenda Kahama hushuka kusini hadi Tinde, kisha hukata kulia kuelekea Isaka. Mgeni wa njia hii husinzia mapema. Kwa macho yake hakuna cha kutazama: mbuga tambarare, majaruba ya mpunga, pamba, ng'ombe, na hapa na pale mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba kuna mtu aliyepanga kujenga kitu akaghairi.

Wenyeji hawasinzii msimu wa mvua. Wanaangalia juu. Asubuhi anga huwa safi, saa sita mawingu meupe yanaanza kuota kama uyoga, na ikifika saa tisa lipo moja lililopanda kuliko mengine, kichwa cheupe na tumbo jeusi. Mama mwenye ndoo ya nyanya anaanza kuuliza kama basi litafika kabla ya mvua. Dereva hajibu, anakanyaga mafuta.

Kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, Shinyanga na Geita ziko kwenye kundi la mikoa inayopata vuli na masika. Mkulima wa Kahama atakuambia yeye huona msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, wenye ukame kidogo katikati. Ndani ya msimu huo dhoruba huja moja moja, na hazifanani na zile zinazoonyeshwa kwenye televisheni.

Zile za televisheni ni vimbunga vya bahari ya Atlantiki. Msimu wake unajulikana kwa tarehe, Juni 1 hadi Novemba 30, na kila dhoruba inayofikia nguvu fulani hupewa jina kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa mapema. Mwaka 2005 zilikuwa nyingi hata orodha ikaisha, wakaanza kutumia herufi za Kigiriki. Katrina, Rita na Wilma zote ni za mwaka huo mmoja. Jina la kimbunga kilichoua sana huondolewa kwenye orodha lisitumike tena, kama jezi ya mchezaji mkubwa. Pwani ya Tanzania nako majina yamefika: Mei 2024 watu wa Mafia, Lindi na Mtwara walikaa macho wakimsubiri Hidaya.

Kimbunga cha baharini husafiri siku nyingi, na watu wana muda wa kukifuatilia na kuhama. Dhoruba ya Shinyanga inazaliwa mchana, inaua jioni, na saa nne usiku nyota zimeshatoka. Inaweza kupiga kijiji kimoja na kuacha cha jirani kikiwa kikavu. Hakuna anayepata nafasi ya kuipa jina, kwa hiyo inabaki na jina la mahali ilipoangukia.

Ndiyo maana ukitaja Mwakata kwa mtu wa Kahama, huhitaji kuongeza neno.

Mwakata ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama. Usiku wa Jumanne, Machi 3, 2015, ilinyesha mvua kubwa iliyoambatana na upepo mkali na mawe ya barafu. Watu wengi walikuwa ndani, wengine wameshalala. Kulipokucha, zaidi ya watu 40 walikuwa wamekufa na zaidi ya 80 wamejeruhiwa. Zipo familia zilizozika watu kadhaa kwa siku moja. Mahindi na pamba vililala chini, mifugo ilikufa. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifika mwezi huohuo kuwapa pole.

Watu wa mbali waliposikia habari hiyo waliuliza barafu imetoka wapi katika nchi ya joto namna hii. Jibu liko kwenye lile wingu la saa tisa. Ardhi ya Shinyanga iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000, na jua la mchana huichemsha. Hewa yenye unyevu hupanda kwa kasi hadi kilomita nyingi juu, ambako ni baridi kuliko friji yoyote. Matone yanaganda, yanashuka, yanasukumwa tena juu na upepo wa ndani ya wingu, yanaongezewa ganda la barafu, hadi uzito unapozidi nguvu ya upepo. Hapo yanaachiwa yote kwa pamoja.

Lakini mawe peke yake hayaelezi vifo vyote vile. Wengi waliangukiwa na nyumba zao wenyewe.

Nyumba ya kawaida vijijini huku hujengwa kwa tofali mbichi za udongo, mara nyingi bila linta inayozifunga kuta pamoja, na msingi wa mawe machache au bila msingi kabisa. Udongo ukiwa mkavu ukuta huo ni mgumu, na nyumba ina ubaridi mzuri mchana. Ukiloweshwa toka chini na maji yaliyotuama, na toka juu baada ya bati kung'olewa, unarudi kuwa tope. Huanguka wote kwa mkupuo, mara nyingi upande walikolala watoto, kwa sababu watoto hulazwa kando ya ukuta. Na yale mawe ambayo baba huweka juu ya bati lisipeperuke, nayo hushuka ndani.

Mafundi wanajua dawa yake, na haihitaji nyumba ya tajiri. Msingi uliopandishwa juu ya ardhi, mfereji wa kutoa maji, paa lililorefushwa ili matone yasigonge ukuta, kenchi zilizofungwa kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta badala ya kupigiwa misumari miwili tu. Tofali za kuchoma ni bora zaidi, ila zinakula kuni, na Shinyanga ina historia chungu na kuni. Miti ilifyekwa mno, kwa kilimo, kwa mkaa, na kwa zile kampeni za zamani za kuua mbung'o, hadi mkoa ukaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yasiguswe hadi kiangazi. Miti ikarudi sehemu nyingi. Mtu akipita leo akaona kijiji kina mistari ya miti upande unakotokea upepo, asidhani ni pambo.

Baada ya Mwakata msimu haukuisha. Aprili 2015, katika halmashauri hiyohiyo ya Msalala, wachimbaji wadogo 19 walifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kalole, kata ya Lunguya. Mvua zilikuwa zimelainisha ardhi.

Kutoka Kahama kwenda kaskazini, njia ya kuelekea Bulyanhulu na Geita, udongo unabadilika rangi kuwa mwekundu na milio ya karasha inaanza kusikika. Huku kila mtu anaijua mvua kwa namna yake. Mkulima anaiomba. Mwenye duara anaihofia, kwa sababu shimo halianguki lazima siku ya mvua. Maji hupenya taratibu kwenye nyufa, matimba yanaloa na kuteleza, na ukingo unaweza kukatika siku ya pili au ya tatu, jua likiwa linawaka na watu wakiwa wamesharudi kazini kwa sababu walisikia mvua imekata. Mchimbaji analipwa kwa mawe aliyotoa, si kwa siku alizokaa juu akisubiri ardhi ikauke. Ukimwambia asubiri siku tatu, umwambie pia watoto wale nini.

Geita ina adui mwingine, na huyu anafuata watoto shuleni. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa radi nyingi zaidi. Mchana upepo wa ziwani husukuma unyevu nchi kavu na mawingu ya radi yanajengeka juu ya vijiji. Usiku mambo hugeuka, radi zinahamia ziwani kwa wavuvi. Oktoba 2018, wanafunzi sita wa shule ya msingi mjini Geita waliuawa na radi. Januari 27, 2025, radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, na kujeruhi makumi ya wenzao.

Shule ni mahali penye hatari kwa sababu rahisi: watoto wengi wako pamoja, kwenye jengo refu kuliko yote yanayolizunguka, katikati ya uwanja uliofyekwa. Kinga radi, yaani ule mti wa chuma unaozidi paa na waya wake mnene unaozama ardhini, hupunguza hatari hiyo sana. Kamati ya shule inayochangisha fedha za geti haina budi kuulizwa kwanza kuhusu waya huo.

Yapo pia ya kufanya bila fedha. Ngurumo ikisikika, radi iko karibu vya kutosha kukufikia, hata kama mvua haijaanza. Ukiona mwanga hesabu sekunde; kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Mpira usimamishwe, jembe liwekwe chini, watu watoke chini ya mwembe, kwa sababu mti mrefu ndio radi inaoutafuta. Ndani ya darasa, watoto wasogee katikati, mbali na kuta, madirisha na nyaya. Gari lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa, ni kimbilio zuri, bodaboda siyo. Na watu wasitoke mpaka dakika 30 zipite toka ngurumo ya mwisho. Dakika hizo ndizo zinazowashinda wengi.

Liko jambo moja ambalo hospitali haiwezi kulirekebisha likishakosewa kijijini. Watu wengi huogopa kumgusa aliyepigwa na radi wakiamini bado ana umeme. Hana. Umeme umepita kwa sehemu ndogo ya sekunde na kwisha. Anayegugumia, analia au anapumua, mara nyingi atapona. Wa kukimbiliwa kwanza ni yule aliyelala kimya kama maiti, kwa sababu radi husimamisha moyo na pumzi kwa ghafla, na moyo unaweza kuanza tena wenyewe ilhali pumzi bado imelala. Alazwe chali, kifua kibonyezwe katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na apuliziwe pumzi mdomoni na anayejua kufanya hivyo, bila kuacha, mpaka apumue au msaada ufike. Wakipigwa kumi kwa pamoja, shughulikia walio kimya kwanza. Ni kinyume cha ajali ya basi.

Kwa aliyeangukiwa na ukuta, fukua uso kwanza apate hewa, na asivutwe mkono wala kukalishwa. Abebwe juu ya ubao au mlango akiwa amenyooka. Mtoto aliyelowa usiku wa mvua ya mawe anaweza kufa kwa baridi hata asiwe na jeraha. Avuliwe nguo zote mbichi, akaushwe, awekwe kifuani kwa mtu mzima ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Kesho yake macho yahamie kwenye vyoo vilivyobomoka na visima vilivyo karibu navyo: maji yote yachemshwe, kipindupindu hakisubiri matanga yaishe.

Na matanga huja na swali lake. Radi ikipiga nyumba moja na kuiacha ya jirani, wapo watakaosema imetumwa. Kanda ya ziwa imebeba kwa miaka mingi aibu ya kuua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa kosa la kuwa na macho mekundu, ambayo ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka 50. Dhoruba inayoua watoto wa mtu mmoja, kisha ikasababisha bibi wa nyumba ya pili akatwe panga, imeua mara mbili, na hiyo ya pili haihitaji wingu.

Basi la kutoka Kahama huingia Geita giza likikaribia. Stendi imejaa taa za chipsi, vijana wa machimbo wana tope hadi magotini, na upande wa ziwa anga inamulika bila sauti, mbali sana kuweza kuhesabu sekunde. Mwenye kibanda cha vocha anachomoa simu zote zilizokuwa zikichajiwa na kuzirudishia wenyewe kabla hawajaomba. Nyuma ya kibanda, mtu amepanda ngazi anafunga bati kwa waya. Mkewe ameshika tochi na kumwambia ayashushe na yale mawe.